Aliyechonga Lango la Ndama

Minza,

Nani amekutuma kunisingizia? Nakuuliza wewe, mtu mzima mwenye akili zake, unayeondoka kesho kwenda nchi ya watu: nani amekutuma? Nimeyaona maelezo yako ya kupeleka chuoni kwao, yale uliyoandika kwa Kiswahili kabla mwalimu wako hajayageuza Kiingereza. Umeyaacha juu ya gunia la mpunga, na macho yangu bado yapo. Nimesoma kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka pale walipouliza nani alikufundisha kuchonga, na wewe ukaandika: bibi yangu mzaa baba. Mimi! Mimi ambaye patasi nimeishika mara moja tu maishani, nikakwangulia ukoko wa ugali, na babu yako akanifokea kwa sababu ilikuwa patasi ya watu.

Lakini nisikuonee. Umesema uongo bila kujua, na uongo wenyewe umeuokota kwangu. Kwa hiyo kuna jambo lazima ulijue kabla hujapanda basi, na ukishalijua utaamua mwenyewe kama utaniaga au utapita kama unapita kisima kilichokauka. Lile lango la zizi la ndama, lile ulilokuwa unatia vidole kwenye matundu yake tangu hujang'oka meno ya utoto, ukalinakili kwa mkaa, kisha kwa kisu, mpaka ukawa fundi, sikulinunua mnadani Dutwa. Nilikudanganya. Lilichongwa na baba yako.

Kaa chini. Usije kunitafuta jikoni. Soma mpaka mwisho.

Nakuandikia kwa sababu mdomo wangu naujua. Nikianza kusema mambo haya nitaishia kukugombeza kuhusu ndoo uliyoiacha kisimani, na jambo lenyewe litapotea. Mkono wangu ni wa darasa la nne, unakwenda polepole, haukimbilii kukemea. Na mambo ya sweta na pasipoti sitaki kuyagusa, shangazi yako Kabula tangu juzi anakuhesabia soksi. Mimi nina langu.

Unakumbuka ile siku uliponionyesha picha kwenye simu, nikiwa napukuchua mahindi? Ulichuchumaa hapa ubavuni, ukasema, "Bibi, tazama ninachokwenda kujifunza." Nikatazama. Nikaona kiti kikubwa cha mfalme wa China ya zamani, na nyuma yake ukuta wa mbao umesimama peke yake katikati ya nyumba, haushiki paa wala haushikwi na chochote.

"Wa nini huu?" nikakuuliza. "Unazuia upepo?"

Ukacheka mpaka simu ikaangukia kwenye mahindi. "Bibi! Wenyewe ndivyo wanavyouita kwa lugha yao, kizuia upepo! Mwalimu alituambia. Wewe umejuaje?"

"Nimezaliwa kabla yako," nikasema. Moyoni nilijivuna sana.

Ukanionyesha na mingine. Ule wa mapande matano, la kati refu kupita yote, ili mtu akimtazama mfalme amwone kama amesimama juu ya mlima hata akiwa amekaa. Ule mwekundu, ambao hawachongi mbao yake, wanachonga rangi: utomvu wa mti unaowasha mwili, wanaupaka, wanasubiri ukauke, wanapaka tena, tabaka juu ya tabaka, mpaka unene unatosha kuingiza kisu. Nikasema huyo fundi hana ng'ombe wa kuchunga. Ukanionyesha majoka yamejiviringisha kwenye mawingu.

"Joka lenye miguu?"

"Na kucha tano, bibi. Kucha tano ni za mfalme peke yake. Mtu mwingine akijichongea, kichwa chake halali yao."

"Basi wana mambo. Huku kwetu joka tunalicheza ngomani, likichoka linarudishwa kwenye kikapu chake."

Tulicheka, Minza. Ilikuwa siku nzuri. Kisha ukafungua picha moja ya mwisho, kisitiri cha mbao nyeusi kilichotobolewa chote, maua na majani, katikati matundu, kama wavu wa mbao. Ukaniambia neno ambalo nimelibeba mpaka leo. Ulisema, "Huu hapa, bibi, aliyekaa upande wa giza anaona nje vizuri. Aliye kwenye mwanga haoni ndani hata akikodoa macho. Kuna akina mama wa wafalme walikuwa wanakaa nyuma ya pazia au kisitiri, wanasikia mashauri yote, na wanaume hawawaoni."

Nikakuambia, "Zima simu hiyo, inakula chaji." Nikaingia ndani. Siku tatu sikusema na wewe ila kwa amri. Ukadhani nimekasirikia safari. Ulimwambia Kabula, "Bibi hataki niende." Nilisikia. Sikukasirikia safari hata kidogo. Nilikuwa nimepigwa kofi na kitu ambacho baba yako alijaribu kuniambia hujazaliwa, nikamkatisha.

Sasa sikiliza.

Kabula alipochumbiwa, mkwe wetu alianza kuja hapa kula. Mila unaijua, ile mnayoicheka ninyi watoto wa sasa: mama mkwe na mkwe wake hawaonani wakitafuna. Yeye akiwa barazani mimi sipiti. Yeye akila sebuleni mimi niko jikoni, kwenye moshi, na nyumba ni yangu. Wageni wanacheka, sijui wanacheka nini. Babu yako anasimulia, nasikia nusu. Siku moja nikalalamika mbele ya Masanja, baba yako, nikasema, "Binti yangu wa kwanza anaolewa, na mimi harusi naisikiliza kwa pua."

Nilisema nikasahau. Masanja hakusahau. Alikuwa anajifunza useremala Dutwa kwa fundi mmoja wa milango na vitanda, kijana mkimya, mwenye mikono mikubwa kama hiyo yako. Akauza dume lake la ndama, lile ambalo babu yako alimpa lianzishe zizi lake, akanunua mbao za mninga. Miezi minne alikuwa anabaki karakana wenzake wakienda kwao. Sisi tukadhani amepata mwanamke.

Siku ya mkwe kuja na wazee wao kukamilisha maneno, Masanja akafika asubuhi na mkokoteni wa punda, mzigo umefungwa kwenye magunia. Akausimamisha sebuleni, kwenye pembe ile ya giza karibu na mlango wa chumbani. Mapande matatu, yameshikana kwa bawaba, yanajikunja. Akavua magunia.

Pamba, Minza. Alichonga pamba. Mashina, majani yenye vidole, vitumba vilivyofumba na vingine vimepasuka vinatoa nyuzi. Na kati ya jani na jani, matundu. Matundu kila mahali.

Unajua mimi niliona nini? Matundu. Basi. Mtoto amelima miezi minne kwenye mninga, na mama yake anaona matundu.

Wazee wa upande wa mkwe walikuwa wameshafika, wako mlangoni wanavua viatu. Nikasema kwa sauti, wote wakasikia: "Masanja, umerogwa? Nimekuambia nataka kusitirika, wewe unanitobolea ukuta? Ili mkwe wangu anione nikitafuna kama mbuzi kwenye uzio?"

Mzee mmoja akacheka. Wakacheka wote. Kicheko hicho mimi ndiye niliyekiwasha, na kilikuwa kitamu kwangu, nisikufiche. Nilijiona mama mwenye mila zake.

Masanja hakukasirika. Alikuwa ameweka kigoda nyuma ya kile kisitiri, kigoda changu mwenyewe, amekifuta vumbi. Akakionyesha kwa mkono. "Mayu, mama yangu, kaa kwanza. Kaa tu, halafu useme."

"Sikai."

"Mayu, kaa kidogo."

"Nimesema sikai! Ondoa aibu hii nyumbani kwangu."

Akaondoa. Alivikunja vile vipande peke yake, hakuna aliyemsaidia, akavitoa nje. Mimi nikarudi kwenye moshi wangu, nikasikiliza mahari ya binti yangu kwa pua.

Ungekuwa mwisho hapo ningesema nilikosea mara moja, na kila mtu hukosea. Haukuwa mwisho. Kesho yake ndama wakatoka zizini wakala mtama wa jirani, na mimi kwa hasira nikachukua pande moja, likafanywa lango. Yale mawili mchwa wakayamaliza nyuma ya ghala, sikuyainua hata kwa mawe. Baada ya mavuno Masanja akaja. Akasimama pale uani, kofia mkononi.

"Mayu, kile kisitiri. Kama hukitaki nitakirudisha Dutwa. Fundi wangu anataka kukiona."

Ningesema, kipo zizini, nenda kachukue. Maneno manne. Lakini nilijua ndama wameshakilamba na kukisugulia pembe, niliona haya, na haya yangu mimi hutoka ikiwa imevaa ukali. Nikamwambia, "Nimekipikia. Kilitoa ugali mzuri."

Alitazama mafiga. Aliyatazama kama mtu anayemtazama maiti aliyemjua. Kisha akasema, "Haya, mayu. Wabeja." Alinishukuru, Minza! Akavaa kofia akaenda zake.

Hakuchonga tena. Hicho ndicho nilichokipika. Alihamia Shishiyu, akaoa, akakupata wewe, mama yako akafariki, akakuleta kwangu ukiwa na miaka mitatu kwa sababu shule ya huku ilikuwa karibu. Yeye anaziba pancha na kunyoosha rimu za baiskeli chini ya bati lake. Kila muhula hela zako za shule zilifika. Lakini umewahi kumwona amekaa ndani ya nyumba hii? Anakuja msibani, anasimama uani, anakunywa maji amesimama, anaondoka. Uani, mbele. Zizi la ndama liko nyuma. Hajawahi kupita nyuma, na mimi nimehakikisha.

Uliponiuliza nani alichonga lango, ulikuwa na miaka sita. Nikakuambia limetoka mnadani. Ulipoanza kukwangua vijiti nikakufokea kwamba mikono ya mwanamke ni ya kupalilia. Hukunisikia, na nashukuru una masikio mabaya. Nikaona unakaa pale zizini na ndama, unapitisha kidole kwenye jani la pamba, kutoka shina mpaka ncha, kama mtoto anayesoma. Nilikuwa nakuona kila siku. Nikanyamaza. Kisha ukatengeneza lile sanduku la kwaya, watu wakashangaa, na kanisani mama mmoja akanishika mkono akasema, "Kipaji kimetoka kwako, bibi." Nikatikisa kichwa kukubali. Nikatikisa hivi, taratibu, kama mtu mnyenyekevu. Mpaka leo shingo yangu inaikumbuka ile.

Na uliwahi kumtumia baba yako picha ya sanduku lile. Alikujibu baada ya siku mbili neno moja tu, kwamba kati ya jani na jani umeacha nafasi ndogo, mbao itapasuka kiangazi. Ulikuja kwangu umenuna. "Fundi baiskeli anajua nini mambo ya mbao?" Kiangazi kilipofika, lilipasuka au halikupasuka? Lilipasuka. Sijui kama aliitambua pamba yake. Nadhani mtu hukitambua hata kikohozi cha mwanawe gizani. Lakini hakuniuliza, na mimi sikumwambia.

Juzi ulitaka kupitia Shishiyu umuage, nikasema njia ni mbovu, mpigie simu. Njia si mbovu. Niliogopa.

Sasa leo. Ulipokwenda Bariadi kuchukua tiketi, nikayasoma maelezo yako, nikaona jina langu limekaa mahali pa jina la mwanangu. Nilikaa kitako hapo sakafuni. Nikasema, huyu mtoto atafika mbele ya mafundi wa nchi ile, wataona pamba yake, watauliza, naye atawaambia bibi. Uongo wangu utapanda ndege. Utafika China kabla ya mimi kufika hata Mwanza!

Nikamwita jirani yetu Lufunga na nyundo yake. Nikamwambia ng'oa lango. Akasema, "Mayu, na ndama?" Nikasema ndama watafungwa kamba, hawajawahi kuisoma pamba hiyo. Tukaling'oa, tukaliosha kwa maji na majani, mavi ya miaka yote, likaja jekundu kama lilipoletwa. Pembe moja ya chini imelika. Matundu mawili yameungana. Pamba ipo. Nikamwambia Lufunga alisimamishe sebuleni, kwenye pembe ile ile. Akaniangalia kama nimeanza kuchanganyikiwa, akaenda.

Nikachukua kigoda. Nikakaa.

Minza, inaonekana! Nyumba yote inaonekana. Mlango, baraza, mpera, barabara mpaka kwenye kinu. Kupitia kila tundu, kipande chake, na ukituliza kichwa vipande vinakuwa kitu kimoja. Hakuchonga ovyo yule mtoto. Matundu ya juu ya macho ni membamba, ya usawa wa macho ya mtu aliyekaa kwenye kigoda ndiyo mapana. Alipima. Alinipima mimi, nikiwa nimekaa, sijui lini, sijui kwa jicho gani, bila kunigusa.

Wakati huo ukarudi. Ukasimama mlangoni na jua mgongoni kwako. Nakuona mpaka kile kifungo chako kilicholegea. Ukaita, "Bibi! Bibi yuko wapi jamani?" Ukatazama pembeni, ukanitazama moja kwa moja usoni, na hukuniona. Ukasema, na usikatae kwa sababu nilisikia, "Makubwa! Amelileta lango la ndama sebuleni. Uzee huu." Ukaenda jikoni unacheka peke yako.

Sikutoka. Nilikuwa nakutazama unavyokwenda na kurudi, unakunja nguo, unafungua begi, unafunga. Binti yangu aliolewa sikumwona. Wewe nimekuona unaondoka. Nimekuona vizuri, kwa mahali palipotengenezwa na baba yako, na nimechelewa miaka yote hiyo kwa sababu ya kukataa kukaa kwenye kigoda dakika moja.

Sina mafundisho mengi, ng'wanone, mwanangu. Mimi si mtu wa kufundisha, umeona. Lakini huko watakuletea vitu ambavyo hutavielewa. Chakula, maneno, namna ya kushika kisu. Mwalimu atachukua kazi yako akuambie ianze upya na hatakuambia kwa nini. Utakuwa na ulimi wangu, maana umeurithi, nauona unavyokuchomoka. Siku hiyo ukumbuke tu kwamba bibi yako alisimama wakati ameambiwa akae. Basi. Mengine utayajua mwenyewe.

Na usiende ukiwa umejikunyata eti unatoka Nkololo. Wale mafundi wa wafalme walichonga majoka ambayo hawakuwahi kuyaona. Baba yako alichonga pamba aliyoipalilia. Waonyeshe.

Mimi nina furaha, hata kama uso wangu haujazoea kuionyesha. Ng'ombe akizaa ndama mzuri hatuulizi alikula nini, lakini mimi leo nataka iulizwe, na ijibiwe kwa jina.

Sasa fanya hivi. Lango liko sebuleni, nimelifunga kwenye kile kitenge changu cha bluu, usikidai, ni chake. Kesho asubuhi Lufunga atalibeba mpaka kituoni. Konda akisema halipandi, mwambie ni mzigo wa bibi kizee wa Nkololo na kwamba bibi mwenyewe yuko hapo nje na fimbo. Maana nitakuwepo. Ukifika Maswa, shuka. Ndege yako ni Jumapili na kesho ni Alhamisi, siku zipo. Chukua bodaboda mpaka Shishiyu, mkutie chini ya bati lake, weka mzigo mbele yake, fungua kitenge, usiseme kitu mpaka amalize kuangalia. Akimaliza, mwambie: "Bibi amekaa. Anasema inaonekana." Kisha mwambie mavuno haya sisikilizi habari za msibani, aje bila msiba, aje na patasi, pembe ya chini imelika, na kigoda chake kiko ndani. Ukitoka hapo chukua kalamu, kwenye maelezo yako futa jina langu, andika la kwake, lote, Masanja na la baba yake, mbele ya macho yake, umpe asome.

Halafu panda basi uende.

Bibi yako